Simu inasema yuko Msangamkuu, kumbe yuko Shangani: maswali kuhusu arifa za uongo za mahali

Ukurasa huu ni wa watu wa Mtwara na Lindi wanaofuatana kwa simu kwa kukubaliana: mwenye bodaboda na dereva wake, tajiri wa Fuso msimu wa korosho, kijana anayefanya kazi Dar na mama yake aliyebaki Nachingwea. Iwe mnatumia Google Maps, Family Link, Life360 au Find My ya Apple, makosa yanafanana, maana zote zinachota kwenye simu ileile. Kabla hujampigia mtu na kuanza na "mbona umetoka?", fungua ramani uangalie vitu viwili: duara lililozunguka nukta lina ukubwa gani, na taarifa hiyo ni ya saa ngapi. Malalamiko mengi huishia hapo.

Simu inajuaje ilipo?

Kwa njia tatu. Ya kwanza ni satelaiti. Za GPS ya Marekani ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, na simu za sasa husoma pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Simu ikizipata angalau nne inaweza kupiga hesabu ya ilipo, na penye anga wazi hukosea kama mita 5 tu. Ya pili ni Wi-Fi: simu husikia ruta zilizo jirani, hata zile isizounganishwa nazo, ikauliza hazina ya Google au Apple ruta hizo ziko wapi. Hapo kosa huwa mita 20 hadi 50. Ya tatu ni minara ya simu, ambayo mjini hukosea mita mia kadhaa, na huko Liwale au Nanyumbu, ambako minara imetawanyika, hukosea kilomita.

Tatizo ni kwamba nukta ya ramani haibadiliki sura. Iliyotoka satelaiti na iliyotoka mnarani zinafanana kama mapacha, ila duara lake ndilo linalosema ukweli. Kwenye Android kipimo hicho kina maana yake: uwezekano wa simu kuwa ndani ya duara ni asilimia 68. Kwa hiyo takriban mara moja kati ya tatu simu iko nje ya duara, na hapo hakuna kilichoharibika.

Mtu yuko nyumbani amelala, lakini arifa zinasema katoka, karudi, katoka tena. Kwa nini?

Uliza kwanza kama umeme ulikatika. Ndiyo sababu kubwa kwenye nyumba zenye Wi-Fi.

Chukua nyumba ya bati pale Chikongola. Mawimbi ya satelaiti yakifika ardhini ni dhaifu mno, na bati huyazuia, kwa hiyo simu iliyo ndani inategemea ruta kujua iko nyumbani. Umeme ukikatika saa 1:42 usiku, ruta inazimika, na za majirani zinazimika pamoja nayo. Simu inabaki na mnara. Mnara unakisia kwamba simu iko mita 700 kutoka pale, uzio wako (mpaka uliouchora kwenye ramani kuzunguka nyumba ili upate arifa mtu akitoka au akiingia) una mita 100, na programu inatuma "ameondoka". Umeme ukirudi saa 2:55, ruta inawaka, na arifa ya "amefika" inaingia. Mwenye simu hajainuka kitandani.

Namna ya kuthibitisha ni rahisi. Mwache mtu akae ndani na simu, kisha chomoa ruta kwa dakika 15. Arifa ya uongo ikija, umempata mchawi.

Tiba yake ni mambo matatu, na usifanye moja ukaacha mengine. Panua uzio, kwa vipimo vya swali linalofuata. Kama programu yako ina uwezo wa kusubiri kabla ya kutoa arifa, iambie isubiri dakika 5 hadi 10. Tatu, ipe ruta betri yake. Vipo vibetri vidogo vya kuiwasha ruta umeme ukikatika, lakini soma kwanza kibandiko kilicho chini ya ruta au kwenye chaja yake. Nyingi ni volti 12 na ampea 1 au zaidi, ila zipo za volti 9 na za volti 5, na ukichomeka volti 12 kwenye ruta ya volti 5 utanunua nyingine.

Uzio uwe na ukubwa gani?

Google wenyewe huwashauri watengenezaji wa programu za Android wasishuke chini ya mita 100 hadi 150. Mapendekezo yetu kwa huku ni haya. Mjini, penye Wi-Fi isiyozimika, weka mita 150. Mjini bila Wi-Fi, mita 300. Kijijini kwenye nyumba ya bati au karibu na shamba la mikorosho, mita 500. Pale ambapo duara la ramani linazidi kilomita moja muda mwingi, weka kilomita 2 au uache kabisa kutumia arifa za kutoka na kuingia. Ufungue ramani pale unapohitaji.

Kosa tunaloliona sana ni nyuzio mbili zinazokanyagana. Mtu ana nyumba na duka mita 180 kutoka hapo, kila kimoja kakizungushia mita 150. Mita 150 na 150 ni 300, na umbali ni 180, kwa hiyo kuna eneo ambalo simu iko nyumbani na dukani kwa wakati mmoja. Arifa zitabishana siku nzima. Unganisha uwe uzio mmoja unaoitwa "nyumbani na dukani".

Angalia pia katikati ya uzio ulipapachikaje. Ukiwa sebuleni na kubonyeza "weka hapa nilipo", huenda umeweka katikati kwenye nyumba ya tatu. Tumia picha ya satelaiti ya ramani, ukuze mpaka uone paa lako, ndipo ubandike.

Mbona anaonekana ng'ambo ya maji?

Mawimbi ya simu hayakutani na kizuizi baharini. Mtu aliye ufukweni Shangani anaweza kushika mnara ulio upande wa Msangamkuu, na ramani ikaonyesha kapanda kivuko. Lindi mjini na Kitunda ni hadithi hiyohiyo. Kwa kiwango, simu ya 2G inaweza kuzungumza na mnara ulio hadi kilomita 35, na juu ya maji umbali mrefu unafikika kuliko nyuma ya vilima.

Dalili yake: nukta inaruka ng'ambo bila kupita katikati, duara ni kubwa, na baada ya dakika chache inarudi. Aliyevuka kweli ataacha nukta mbili tatu majini. Mwambie mwenye simu atoke nje penye anga wazi, afungue ramani na kusubiri dakika moja. Ikirudi Shangani, basi ulikuwa mnara.

Kwa wavuvi mambo yamegeuka. Baharini satelaiti zinaonekana vizuri kuliko mahali popote, kwa hiyo simu inajua ilipo kwa mita chache, ila haina mtandao wa kukwambia. Unachokiona ni nukta ya mwisho kabla chombo hakijatoka nje ya mtandao. Mtu akionekana amesimama sehemu moja ya bahari kwa saa sita, soma muda wa taarifa kabla hujaita watu.

Simu inasema yuko Msumbiji. Tuogope?

Kwanza muulize yuko karibu na mto Ruvuma kiasi gani. Kilambo, Msimbati, Mtambaswala penye Daraja la Umoja, na Newala pale Shimo la Mungu ambapo unalitazama bonde la Ruvuma hadi ng'ambo, ni sehemu ambazo simu inaweza kushika mtandao wa jirani huku mguu wa mwenye simu uko Tanzania.

Kuna mtego ndani yake ambao wengi hawaujui. Msumbiji iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu iliyoshika mnara wa huko, kama imewekwa ijirekebishe saa yenyewe, inarudisha saa nyuma. Tukio la saa tisa na dakika tano alasiri linaweza kuonekana kwenye simu yake kama 14:05, saa nane. Dereva anaonekana aliondoka mapema kuliko alivyosema, ugomvi unaanza.

Kwa anayefanya kazi mpakani: zima kujirekebisha kwa majira na uchague mwenyewe majira ya Dar es Salaam. Zima data ya nje ya nchi. Kisha nenda kwenye mitandao ya simu, acha kuchagua kiotomatiki, uchague kampuni ya laini yako kwa mkono. Akirudi Mtwara mjini arudishe kiotomatiki, la sivyo simu inaweza kukaa bila mtandao.

Niko Mtwara, napata arifa kwamba akaunti yangu imefunguliwa Dar es Salaam. Nimeibiwa?

Mara nyingi hapana. Arifa za aina hii hazitumii GPS. Zinaangalia anwani ya intaneti, na anwani za mitandao yetu nyingi zimeandikishwa au zinatokea Dar, hata kama wewe uko Ligula. Angalia aina ya simu na saa iliyotajwa kwenye arifa: ikiwa ni simu yako na ndiyo saa uliyofungua, tulia. Ikiwa ni simu usiyoijua, badili nywila papo hapo.

Ila kama ni ramani yenyewe inayokuweka Dar, kuna washukiwa wawili. Wa kwanza ni ruta iliyohama. Umehamia Mtwara na ruta yako ya Mbagala; hazina ya Google bado inaamini ruta hiyo iko Mbagala, na simu yoyote ndani ya nyumba inaamini hivyo pia. Kubadili jina la Wi-Fi pekee hakusaidii, kwa sababu kinachosomwa ni namba ya kudumu ya ruta. Kinachosaidia ni kuongeza _nomap mwishoni mwa jina, kwa mfano Nyumbani_nomap. Google na Apple wote huliheshimu agizo hilo, ingawa halifanyi kazi siku hiyohiyo. Ruta za kubeba mfukoni na Wi-Fi za mabasi ya Dar zina ugonjwa huu muda wote.

Wa pili ni simu ya zamani. Uliiuza au ulimpa mdogo wako bila kutoa akaunti, naye sasa yuko Temeke. Fungua akaunti ya Google, sehemu ya usalama, kwenye orodha ya vifaa, uondoe usichokitumia. Tableti inayobaki nyumbani ina kesi kama hiyo: wewe umetoka, yenyewe inasema uko ndani. Kuhamisha laini hakubadilishi chochote hapa, kwa sababu programu hizi hufuata akaunti na kifaa.

Nukta imetua Ethiopia. Au katikati ya Atlantiki. Kulikoni?

Hilo ni kosa la kuandika namba, na hutokea zaidi kwenye vifaa vya bei nafuu vya kufungwa kwenye pikipiki na kwa watu wanaonakili namba kwa mkono. Mtwara mjini iko karibu na −10.27, 40.18. Alama ya kutoa inamaanisha kusini mwa Ikweta. Ukiidondosha, 10.27, 40.18 ni Ethiopia. Ukizigeuza, 40.18, −10.27 ni Atlantiki, magharibi ya Ureno. Na nukta ikitua kwenye 0, 0, ambayo ni Ghuba ya Guinea, kifaa hakijapata satelaiti yoyote na kimetuma sifuri.

Kwenye vifaa hivyohivyo, muda ukiwa mbele kwa saa tano kamili, kimeachwa kwenye majira ya China. Kiweke saa tatu mbele ya saa ya dunia (UTC).

Arifa zinakuja kwa mkupuo, kumi kwa pamoja, zote zimechelewa.

Tofautisha saa ya tukio na saa ya kukufikia. Simu iliyoishiwa bando inaendelea kujipima, lakini haina pa kutumia. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari na intaneti ikazorota nchi nzima, satelaiti zilikuwa zinafanya kazi kama kawaida; taarifa ndizo zilikosa njia.

Sababu ya pili ni simu kubana chaji. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, programu isiyo wazi kwenye kioo hupewa mahali mara chache tu kwa saa. Juu ya hapo Tecno, Infinix, itel na Xiaomi huongeza walinzi wao wa betri wanaofunga programu kimyakimya. Kwenye simu ya anayefuatiliwa, si ya kwako, fanya hivi:

1. Mipangilio, Programu, chagua programu ya kufuatilia, kisha Betri. Ondoa vizuizi vyote.
2. Hapohapo kwenye Ruhusa, Mahali: chagua kuruhusu wakati wote, na uwashe mahali mahususi. Ukiacha makadirio, Android hutoa eneo la kama kilomita 3 za mraba, na hakuna uzio utakaofanya kazi.
3. Rudi Mipangilio, Mahali, Huduma za Mahali. Washa usahihi wa mahali wa Google na utafutaji wa Wi-Fi.
4. Fungua programu ya kusafisha simu iliyokuja nayo, uruhusu programu yako ijiwashe yenyewe, kisha uifunge kwa kufuli kwenye orodha ya programu zilizofunguliwa.
5. Zima kuokoa chaji, au weka ianze kwenye asilimia 10.

Kwenye iPhone ni Settings, Privacy & Security, Location Services, programu yako, kisha Always, na Precise Location iwe imewashwa.

Hata ukifanya yote, kuchelewa dakika 2 hadi 3 ni kawaida, na simu iliyotulia muda mrefu inaweza kufika dakika 6.

Programu inasema dereva amefika kilomita 216 kwa saa.

Bodaboda haifiki huko. Nukta moja ilitoka satelaiti, ya pili mnarani umbali wa kilomita 1.8, zikapishana sekunde 30. Kilomita 1.8 kwa sekunde 30 ni mita 60 kwa sekunde, yaani 216 kwa saa. Puuza mwendo wowote unaodumu kwa nukta moja. Mwendo wa kweli huonekana kwenye nukta tatu au nne mfululizo zenye maduara madogo.

Mvua inaharibu GPS?

Mvua yenyewe kidogo sana. Majani mazito yaliyolowa juu ya kichwa chako yanasumbua zaidi, na kukatika kwa umeme na mtandao kunakokuja na mvua kunasumbua kuliko vyote.

Nimeambiwa niizungushe simu kama ninaandika nane. Inasaidia?

Inarekebisha dira, yaani mshale unaoonyesha umeelekea wapi. Haigusi mahali. Kama satelaiti zenyewe hazishiki, pima. Sakinisha programu ya GPSTest, toka chini ya mkorosho na mbali na ukuta, shika simu kioo kikitazama juu kwa dakika tatu. Simu nzima itatumia satelaiti 10 au zaidi, nyingi zikiwa na nguvu ya zaidi ya 30. Zikibaki chini ya 20 zote, ondoa kava, hasa lenye chuma au sumaku, upime tena.

Bado? Kumbuka kama simu ilifunguliwa kwa fundi. Kwenye simu nyingi antena ya GPS iko kwenye fremu ya juu au mfuniko wa nyuma, na inagusana na ubao kwa vijispringi vidogo. Kimoja kikipinda, au skrubu ikisahauliwa, mtandao unashika vizuri na GPS inakufa. Mrudishie fundi na umtajie hivyo. Ni kazi ya dakika kumi, si ya kubadili ubao.

Simu iliyozimwa muda mrefu na isiyo na bando ipe muda. Inapakua ratiba kutoka angani: data ya kila satelaiti hurudiwa kila sekunde 30, na ratiba ya zote huchukua dakika 12 na nusu. Ikiwa na bando hupata hayo kwa sekunde chache.

Dereva anaweza kudanganya mahali?

Anaweza. Android ina chaguo la mahali pa kuigiza kwenye mipangilio ya wasanidi programu. Dalili ni nukta isiyotikisika. Simu halisi ikiwa imelala mezani hucheza mita kadhaa. Ya kuigiza husimama palepale hadi tarakimu ya mwisho, au husafiri kwenye mstari ulionyooka kupita nyumba za watu. Lakini usianzie hapo. Kati ya kuigiza na betri kubanwa, ya pili ni ya kawaida mno.

Naweza kumfuatilia mtu kwa namba ya simu tu?

Hapana. Tovuti zinazodai hivyo zinataka fedha yako au nywila yako. Kampuni ya simu ndiyo inayojua laini iko mnara gani, nayo haitoi kwa mtu binafsi. Leo hii, simu ikiwa bado mkononi, piga *#06# uandike namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu; ikiibiwa, uende nayo polisi kisha kwenye kampuni ya laini. Kumfuatilia mtu mzima bila ridhaa yake kunaweza kukuingiza kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Dereva aandikishwe kwenye mkataba kwamba simu ya kazi inafuatiliwa, na hadi saa ngapi.

Nimefanya yote. Niwatumie nini watu wa programu?

Picha ya ramani yenye duara, saa ya tukio na saa ya kupokea, aina ya simu na toleo la Android, ukubwa wa uzio, kama Wi-Fi ilikuwa imewashwa, na kama umeme ulikuwepo. Matukio matatu yanatosha. Ukiandika tu "GPS yenu mbovu" utajibiwa uzime simu na kuiwasha.